Wageni Walioshuka Ngerengere

Ukija saluni kwangu, pale Mji Mpya, utakuta televisheni ukutani na utaikuta inaonyesha ninachotaka mimi. Wateja wangu wanajua. Wanaotaka tamthilia za Kituruki, za wanawake wanaolia wamevaa dhahabu, ipo saluni nyingine mlango wa tatu kutoka kwangu, na huwa nawaelekeza bila kinyongo. Kwangu ni sizoni za angani. Vyombo vinavyosafiri kati ya nyota, viumbe wasio na damu, watu wanaolala safarini na kuamka wajukuu wao wameshazeeka. Ukilalamika sana nakaza msuko kidogo, na utanyamaza mwenyewe.

Watu wananishangaa. Mwanamke mtu mzima, msusi, ushungi kichwani, swala tano, eti anafuatilia mambo ya sayari. Mteja wangu mmoja, mwalimu, mtu mstaarabu kabisa, aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuko salama. Nikamwambia kuko salama, ila nimeshikwa. Ndilo neno lake hilo. Na nikieleza nilivyoshikwa itabidi nieleze na habari za bibi yangu wa Kinole, maana mambo haya mawili yameshasukwa pamoja, siwezi tena kuyafumua.

Nilianza kwa kusikia, siyo kwa kuona. Nilikuwa nimemaliza shule, najifunza kusuka kwa mama mmoja mwenye kibanda cha mabati hukohuko Mji Mpya. Ukuta wetu wa nyuma ndio uliokuwa ukuta wa banda la video, yale mabanda tuliyokuwa tukiyaita kibanda umiza: mabenchi ya mbao, joto, jasho, na wanaume peke yao. Mtoto wa kike ukionekana unaingia humo, habari inafika nyumbani kabla yako. Basi mimi nilikaa upande wa huku, vidole kwenye nywele za watu, masikio upande wa kule.

Zilikuwa muvi na sizoni zilizotafsiriwa. Mtafsiri anakaa na kipaza sauti chake, anazungumza juu ya sauti za wazungu, na anakuwa kila mtu: baba, mtoto, adui, hata mbwa. Asichokielewa anakibuni, na hakuna wa kumuuliza. Huyu wetu alikuwa na sauti nzito ya kukwaruza, na alipenda kusogeza mambo karibu ili watu wasipate tabu. Ile sizoni iliyonishika ilikuwa ya viumbe waliotoka mbali angani wakashuka kwenye mji mmoja wa baridi huko duniani. Wenyewe kwa Kiingereza viumbe hao wana jina lao. Yeye aliwaita wageni. Na ule mji wa baridi, kwa kuwa kulikuwa na kambi ya jeshi na reli inapita, akauita Ngerengere.

"Jamani, wageni wameshuka Ngerengere," nilimsikia akisema kupitia bati, "na wanajeshi wameshatoka kambini." Mkono wangu ulibaki hewani na uzi wa rasta.

Usinicheke. Wewe ungeona theluji ungejua. Mimi sikuwa naona kitu, nilisikia Ngerengere tu, na Ngerengere naijua, treni inasimama pale, jeshi lipo. Kila kitu kilikaa mahali pake. Wiki ile akaja mteja kutoka Ngerengere hukohuko, anataka kusukwa kwa ajili ya sherehe. Nikavumilia mpaka nimefika katikati ya kichwa, nikamuuliza kama ni kweli kule kuna wageni. Akasema ndiyo, wamekuja wengi, tena wengine wamelala kwa mwenyekiti. Nikamuuliza wakoje. Akasema wa kawaida tu, ila wanakula sana. Nilimaliza kichwa kile mbiombio. Alikuwa anasema wageni wa harusi ya mdogo wake, na mimi nililijua hilo baadaye sana, baada ya kuwa nimeshawasimulia watu wa nyumbani na kuchekwa mpaka na watoto.

Siku niliyoona kwa macho ilikuwa ya masika. Mvua ilianza asubuhi, mteja hakuna, mama mwenye saluni alikuwa kaenda msibani. Kule ng'ambo ya bati mtafsiri alikuwa anaendelea na yake, na mimi nimeegemea ukuta namsikiliza. Mara akanyamaza. Mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema, anayetafsiri hata mlango ukifungwa, alinyamaza. Nilisubiri. Nikasikia muziki tu, mzito, wa chini kabisa, na bati likawa linatikisika mgongoni mwangu. Niliondoka pale bila hata kuchukua kanga ya kujifunika mvua, nikazunguka nyuma, nikaingia.

Hakuna aliyenigeukia. Wanaume wote wale, wauza mitumba, madereva, vijana wa vijiweni, midomo wazi. Kwenye skrini chombo kilikuwa kinatoka mawinguni. Kinatoka, kinatoka, hakiishi. Unadhani umeona mwisho wake, kumbe ni mwanzo wa upande mwingine. Kivuli chake kilitembea juu ya milima, kikapanda na kushuka na mabonde, kikafunika mji, na chini yake mvua iliyokuwa inanyesha ikasimama. Matone yalisimama hewani, kila moja mahali pake, na mtoto mmoja barabarani akanyoosha kidole akaligusa moja. Na juu ya vichwa vyetu, kwenye bati la Mji Mpya, mvua yetu ilikuwa inaendelea kumwagika.

Nikasema Subhanallah, kwa sauti, katikati ya wanaume. Mmoja akasogea akanipa nafasi kwenye benchi, hata hakunitazama. Niliogopa na nilifurahi kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijapata hali nyingine ya kuifananisha nayo. Nilihisi mimi ni mdogo sana, halafu udogo wenyewe haukunikera, ulikuwa mtamu. Nilikaa pale mpaka ikaisha, nguo zikanikaukia mwilini.

Toka siku hiyo ndipo nikashikwa. Hadithi yenyewe ni ndefu, ila mzizi wake ni huu. Wageni walikaa, wakaeleweka kidogo, wakataka kuondoka, wakaomba mtu mmoja waende naye kwao ili ajifunze lugha yao. Akajitolea binti mmoja, mtoto pekee wa mama mjane. Sasa ndani ya chombo kile saa hazitembei kama za hapa. Binti anakaa mwezi, huku kwa mama imepita miaka. Binti bado kijana, mama anaota mvi. Na kila jioni mama anawasha taa dirishani, ili chombo kikirudi, mwanawe aijue nyumba.

Mtafsiri alifika hapo katikati, akapotea. Watu wakasema kahamia Dar, wengine wakasema kapata kazi ya maana. Alituacha na taa dirishani. Nilikasirika kama mtu aliyeachwa na mchumba. Nikaanza kuhangaika mwenyewe, mara sidii za kuazima, mara flashi za kujaziwa kwa vijana wa maktaba ya muvi, sizoni hiyo na nyingine nyingi zilizokuja nyuma yake, zote kwa Kiingereza cha wenyewe. Nilikuwa nasoma maandishi ya chini, nasimamisha, nafungua kamusi, naendelea. Ndivyo nilivyojua Kiingereza. Mpaka leo naweza kukueleza injini ya chombo cha angani imepata hitilafu gani, ila mzungu akiniuliza bei ya bamia nababaika.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Kinole, kule Uluguru upande wa mashariki, ambako nyumba moja iko juu ya bati la nyumba nyingine na migomba inashuka mpaka mtoni. Ananiita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, kwamba tunagombania mume mmoja, yaani babu, ambaye alishatutangulia wote wawili bila kutuaga vizuri. Mama yangu ndiye aliyekuwa binti yake pekee. Wengine ni wajomba.

Macho yalimwondoka polepole. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mwanzo alisema kuna moshi ndani ya nyumba, halafu akasema ukungu umekuwa mwingi mwaka huu, halafu akaacha kusema. Katika miaka hiyohiyo ndipo mama yangu alipofariki. Bibi aliletwa mjini msibani akiwa haoni tena. Wakamsogeza, akaupapasa uso wa mwanawe kabla haujafunikwa, taratibu, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, halafu akaomba arudishwe mlimani.

Nikipata nafasi napanda kumsuka. Nywele zake ni chache na nyeupe tupu, namsuka twende kilioni, ile mistari ya kwenda moja kwa moja nyuma, maana ndiyo inayomruhusu kulala vizuri. Siku moja mazungumzo yalituishia. Habari za mjini nimemaliza, za shamba amemaliza, na kichwa bado. Nikaona nimsimulie sizoni yangu. Maneno ya kusimulia mambo yale kwa Kiswahili sikuwa nayo mengine ila ya yule mtafsiri, kwa hiyo nikaanza alivyoanza yeye, kwamba siku moja wageni walishuka Ngerengere.

Bibi akasikiliza chombo kutoka mawinguni, akasikiliza mvua kusimama. Nilipofika kwenye wanajeshi kuzunguka na bunduki, akanishika mkono.

"Watu wametoka mbali hivyo," akasema, "hata maji ya kunywa hawakupewa?"

Nikamwambia waliogopwa. Akasema kuogopa si sababu, mgeni unamwogopa huku umeshamwekea kiti. Alikasirika kwelikweli. Alitaka kujua mwenyekiti wa Ngerengere alikuwa wapi, walilala wapi, walikula nini, na kama kulikuwa na mwanamke hata mmoja mwenye akili wa kuwaambia karibuni. Mimi nilikuwa nimeitazama sizoni ile sijui mara ngapi, nimeogopa na kushangaa na kulia, na halikuwahi kunijia kuwa kosa lote la binadamu katika hadithi ile lilikuwa ni kutosema karibu. Kumbe yule mtafsiri kwa neno lake moja la kubahatisha alikuwa ameniachia mlango, na aliyeuingia ni bibi.

Basi ikawa ndiyo desturi. Nikifika, shikamoo bado iko mdomoni, bibi ananiuliza wageni wamefika wapi. Na kumsimulia asiyeona ni kazi. Huwezi kusema kubwa ukaishia hapo. Ilibidi nimwambie kivuli kimeanza kwenye mgomba wako ule wa mwisho, kimefika Mkuyuni, na nyuma bado kinatoka. Ilibidi nimwambie kimya chake kikoje, na hewa imepoa kiasi gani. Nilikuwa nikisema, mimi mwenyewe nywele zinanisimama. Siku moja alasiri ukungu ulipanda kutoka bondeni, kama kawaida yake, ukameza migomba, ukameza choo, ukatufikia barazani. Ndege wakanyamaza. Bibi aliusikia ule ubaridi usoni, akainua kichwa kutoka mikononi mwangu.

"Kimefika?" akaniuliza.

Na mimi, naapa, niliangalia juu. Nyuma ya ule weupe kungeweza kuwa na kitu chochote, na kwa muda mfupi nilijua kabisa kwamba kipo, kikubwa, kimetulia, kinatutazama wanawake wawili na kitana. Nikamwambia kimefika. Akajiweka kanga vizuri, akakaa sawa.

Ila aliyempenda kuliko wote ni yule binti. Kila mara, kabla sijaondoka, lazima aulize, "Yule binti amerudi kwa mama yake?" Namwambia bado. Anasema haya, basi mara nyingine.

Sasa ikaja kambi ya macho. Madaktari walikuja hospitali moja pale mjini, wakatangaza kwamba mtoto wa jicho anatolewa, asubuhi unaingia na kesho yake unaona. Mjomba wangu mkubwa akapanda Kinole kumshawishi. Kwetu Waluguru mjomba ana kauli, lakini kauli haipandi kwenda kwa mama yake mzazi. Bibi alimwambia huyo mtoto wa jicho amemlea mwenyewe mpaka amekua, sasa wanamtoa wanampeleka kwa nani? Watu wakacheka, ikaisha hivyo. Ikaja kambi nyingine, akakataa tena. Halafu akaanguka. Milima ya kule huijui mpaka uteleze. Alikuwa anafuata ukuta wa nyumba kwenda nyuma, mguu ukakosa, akaserereka mpaka kwenye mizizi ya mfenesi, akalala pale mpaka majirani waliposikia. Hakuvunjika. Lakini tulijua, na mjomba alijua, kwamba siku nyingine atavunjika au hatuna bibi.

Nilipanda nikiwa na hasira zangu tayari. Nikakaa nyuma yake, nikaanza kumsuka, na nikamuuliza wazi, mimi na yeye tu, kwa nini hataki.

"Nilipoacha kuona, mama yako alikuwepo," akasema. "Humu ndani mwangu bado yupo, sura ileile. Wakinifumbua macho nitaangalia, na nitaona hayupo."

Mtu mpole angemwacha. Mimi si mpole, na nilikuwa nimeona michubuko kwenye shingo yake, na sikuwa tayari kuzika mwingine. Akaniuliza, kwa sauti ya kubadilisha mazungumzo, kama yule binti amerudi. Nikamwambia mwisho wa hadithi ninao, nimeuangalia wote, na sitausimulia. Akitaka kujua kama binti alirudi kwa mama yake, akatolewe mtoto wa jicho, aje kwangu aangalie mwenyewe.

Bibi akadhani ni utani. Alipoona si utani, alijitoa mikononi mwangu, akageukia ukuta, akaniambia niende. Nikamwambia kichwa hakijaisha. Akasema amesikia. Nikamwomba, nikamkaripia, nikamwomba tena. Mwishowe nikashuka mlima nimemwacha nusu kichwa, upande wa kulia mistari, upande wa kushoto nywele zimesimama, na nilikuwa nalia nyuma ya bodaboda kwa hasira mpaka Bigwa, mlangoni mwa mji.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo bibi hakulijua. Mwisho ninao, ndiyo. Lakini binti hakurudi. Niliuangalia mwisho ule saluni, nikiwa nimefunga mlango na kuwaambia wateja umeme umekatika. Chombo kinarudi, kinashuka palepale, mlango unafunguka, mama kikongwe kasimama, na anayetoka ni mgeni mmoja peke yake kumpa mama salamu. Binti amechagua kubaki kule kwenye nyota. Mama anarudi ndani, anazima taa. Nililia siku nzima, na nilisifu, maana ulikuwa mwisho mzuri sana kwa aliyeutunga. Sasa ndio huo niliokuwa nimemtegea bibi yangu ambaye alizika binti pekee. Nikawa sijui niombe akatae au akubali.

Akakubali. Mjomba alipiga simu, anacheka na huku ana wasiwasi. Akasema bibi anatembea kijiji kizima nusu kichwa, amekataa mtu mwingine kumgusa, watoto wanamcheka na yeye anawachekea, na leo ametuma ujumbe: mke mwenzake aje amalize alichoanza. Nikapanda. Nikamaliza ule upande wa kushoto. Nilipofunga mstari wa mwisho akapapasa kichwa chote, akaridhika, akaniambia sasa hospitali wanaweza kumpokea kama mtu mwenye watu wake.

Walimfanyia jicho la kulia kwanza. Kesho yake asubuhi walikaa kwenye benchi wazee wengi kwa pamoja, kila mmoja na kipande cha plasta usoni na mtu wake pembeni. Muuguzi alikuwa anabandua mmoja baada ya mwingine. Nimetazama vyombo vingi vikifungua milango, na nimeshika pumzi mbele ya skrini miaka na miaka, lakini ninyi mnaofuatilia hadithi za angani hamjaona kitu kama hamjaona benchi lile. Mzee mmoja alifunguliwa, akaangalia mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akaigeuza tena. Mama mmoja alikuwa anataja rangi tu. Nyekundu ile. Kijani kile.

Ikafika zamu yetu. Plasta ikatoka, jicho likajifumba kwanza kwa mwanga, likatoka machozi, likafumbuka. Bibi alimtazama muuguzi, akamshukuru. Akatazama dirisha. Halafu akanigeukia mimi, na akabaki. Alinitazama muda mrefu mpaka nikaona aibu. Akaniambia nitoe ushungi. Nikatoa. Akaniambia nisogee kwenye mwanga, nigeuke upande, nigeuke tena. Akanyoosha mkono akanipapasa, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni. Machozi yalikuwa yanamtoka na muuguzi akasema asilie, dawa itatoka. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, akaniambia nivae ushungi twende.

Njia nzima alikuwa kazini. Aliangalia pikipiki, mabango, ndoo za plastiki, nguo za watu. Tulipotokea mahali penye uwazi akaona milima, Bondwa yote hadi minara kileleni, haina wingu. Alimsimamisha dereva wa bajaji. Akaitazama milima yake kutoka chini, akasema tu kwamba iko palepale, kama aliyekuwa na wasiwasi nayo.

Nyumbani kwangu alikula, akaswali, akakaa mbele ya televisheni, akanidai. Nilijaribu kumwambia apumzishe jicho. Akasema amekubali kukatwa jicho kwa ajili ya kitu kimoja, na kitu hicho akione. Daktari alikuwa amesema anaweza kutazama kidogo kidogo, basi jioni hiyo na jioni zilizofuata nikawa namwekea, namtafsiria kwa sauti ya kukwaruza kama ya yule mtafsiri wetu, Ngerengere ikiwa Ngerengere. Theluji aliiona akaniuliza ni ukungu gani ule ulioanguka chini. Na chombo kilipotoka mawinguni, na kivuli kikatembea juu ya milima, na mvua ikasimama, nilinyamaza, kama alivyonyamaza yule. Bibi alisogea mbele ya kiti. Mdomo wake ulikuwa wazi, na jicho lake moja lile lilikuwa limejaa chombo chote. Alinyoosha mkono wake wa kulia.

"Karibuni," akawaambia.

Alisema kwa heshima yote, kama anavyosema mlangoni kwake Kinole. Kama wapo kweli huko waliko, na wakaja kweli, naomba waanzie kwa bibi yangu.

Mwisho ulipofika sikuwa na pa kukimbilia. Nilikaa nyuma yake kwenye stuli, nikajifanya namfumua nywele. Mlango wa chombo ukafunguka. Mama kikongwe kasimama. Akatoka mgeni mmoja, peke yake, na mlango ukajifunga. Nikatafsiri salamu za binti neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza, sauti yangu mwenyewe maana ile ya kukwaruza ilinitoka. Mama akaingia ndani. Taa ikazimwa. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini nyeusi na mimi nikasubiri, kitana mkononi. Nilijiambia akinifukuza nitakwenda, akilia nitalia naye.

Bibi hakulia. Aligeuka kwenye kiti akanitazama tena vilevile kama hospitali, kuanzia juu mpaka chini. Mama yangu, alipotoka machoni mwa bibi, alikuwa na umri nilio nao mimi sasa.

"Hawa waliotengeneza hawakusubiri," akasema. "Binti alirudi. Mimi nimemwona."

Halafu akanipa mgongo, akainamisha kichwa, akaniambia, "Haya, mwanangu, nisuke."